Shamba la Sita Halivunwi

Siku niliyokabidhi ofisi mlinisindikiza hadi getini, mmoja amenibebea kapu, mwingine amenibebea feni ambayo ilikuwa yangu kabisa ingawa mlinzi alishuku. Kabla hatujaagana mkaniuliza kuhusu lile shamba la karibu na Kilangali ambalo kila msimu linajibu sifuri. "Mama, tulifunge? Linatuharibia ripoti." Nikawaambia msiliguse, nitawaandikia. Mkacheka, mkidhani ni maneno ya mtu anayestaafu.

Sasa nimekaa nyumbani. Nimepanda mchicha, umeota, nimeula. Sina kisingizio tena. Nitaandika kwa mfuatano, maana nikikimbilia shamba hilo moja kwa moja mtaniona bibi aliyeingiwa na huruma, na hamtaelewa kwamba ni suala la kazi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikunikuta mara nyingi, na mishahara haikuwahi kukaa nami muda wa kutosha tukafahamiana.

Mimi ni mzaliwa wa Kimamba. Babu yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akiwa mmoja wa wale walioitwa manamba, na mkonge ulipoanguka yeye hakuwa na nauli wala hamu ya kurudi. Kwa hiyo sisi tulikua tukijua kwamba mazao huja na kuondoka, ila ghala hubaki. Nadhani ndiyo sababu nilipomaliza shule sikutafuta kazi shambani. Nilikwenda Kilosa mjini, kwenye ghala la mazao, nikiwa na cheti changu na viatu vya kuazima kwa dada.

Mkuu wa ghala alikuwa Bwana Pius, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, aliyevaa koti la kaki hata Januari. Hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa bambo. Ninyi mmelikuta limetundikwa ukutani kama pambo, kwa hiyo nieleze: ni chuma chenye ncha, kina uwazi ndani, unakichoma kwenye gunia na mbegu zinateremka hadi kwenye kiganja chako. Kwa njia hiyo unajua kilichomo bila kufungua mshono. Nililichoma gunia la kwanza kwa nguvu zote za mtu anayetaka kuajiriwa. Lilikuwa gunia la ufuta. Ufuta, kama mnavyojua, haungoji kuambiwa njia. Nilipochomoa bambo ulitiririka sakafuni, nami nikaziba tundu kwa kidole, nikabaki hapo nimesimama, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Bwana Pius alimaliza chai yake kwanza. Kisha akaja, akanionyesha: ukichomoa, unapapasa tundu kwa ncha ya bambo, hivi na hivi, nyuzi za gunia zinarudiana. "Ukitoboa cha mtu, uzibe," alisema. Mchana wote nilizoa ufuta kwa mikono. Nilirudi nyumbani nina ufuta hata masikioni, na mama akaniuliza kama nimeajiriwa au nimekaangwa.

Somo lake la pili lilikuwa hili: gunia lina uso na lina tumbo. Uso ameutengeneza muuzaji kwa ajili yako. Wewe nenda tumboni. Nililishika somo hilo hadi mfanyabiashara mmoja wa Magole akajua kwamba msichana wa Kilosa huchoma katikati tu. Akaleta shehena yenye ufuta mweupe safi tumboni na mchanga pembeni kote. Nikapokea. Bwana Pius alipochoma ubavuni, mchanga ukamwagika mezani, nikataka ardhi inimeze. Yeye alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Sasa umeanza kuheshimiwa," alisema. "Mtu hajisumbui kumdanganya mpumbavu kwa ustadi kiasi hiki."

Baadaye vikaja vipima unyevu vya betri. Bwana Pius alivitumia kwa adabu, akaandika namba zake, kisha akatia mbegu mbili tatu kinywani na kuzing'ata. Mashine, alisema, haina meno. Alistaafu akarudi kwao Mahenge, na bambo lake akaniachia mimi. Wakulima walishanipa jina la Mama Bambo, na watoto wa pale sokoni hawakujua kama nina jina jingine.

Miaka iliyofuata nilihamia kwenye kampuni yetu hii, iliyokuwa ikinunua ufuta kupitia vyama vya msingi vya vijiji na kuupeleka ng'ambo. Hapo ndipo nilipokutana na neno kijani. Mwanzoni nilidhani wanataka ufuta mbichi. Wanunuzi wa huko walitaka kujua kwamba ufuta wao haukupandwa kwenye msitu uliofyekwa juzi, haukupuliziwa sumu, na kwamba mkulima hakuchoma pori lote ili kusafisha nusu eka. Hilo sikuliona kuwa jambo la ajabu. Sisi tunaokaa kati ya Kilosa na Mikumi tunajua msitu ukisogezwa nyuma tembo husogea mbele. Lakini ushahidi wake ulikuwa karatasi. Kila mkulima karatasi yake, kila gunia karatasi yake, na karatasi za kuthibitisha karatasi. Panya wa ghala letu hawajapata kunenepa namna ile tena.

Ndipo akaja Nasri. Alitumwa kutoka Dar es Salaam na ofisi kuu, kijana mpole, mwenye kompyuta mgongoni na kofia ambayo hakuivua hata wakati wa kula. Alisema karatasi zimekwisha, sasa ni blokcheni. Nikamwomba anieleze kama ninavyoeleza gunia. Akafikiri, akasema: "Mama, chukulia kijiji kizima kina daftari moja, lakini kila nyumba ina nakala yake. Likiandikwa neno, linaandikwa katika nakala zote kwa pamoja. Ukitaka kufuta lako, nakala za wenzako zinakusuta. Unaweza kuongeza mstari chini yake. Kufuta huwezi."

Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wahenga. Hawakusema itakuwaje daftari lenyewe likikataa kufutwa. Nikamuuliza Nasri: kwenye gunia bambo linaingia, hata kama uso umepambwa. Kwenye daftari lake bambo linaingia wapi?

"Haliingii, Mama," alisema. "Kilichoandikwa ndicho kinachokaa, kiwe kweli kiwe uongo. Ndiyo maana nakuhitaji wewe mlangoni."

Nilimpenda kuanzia hapo. Mtu anayekuambia mashine yake haiwezi kitu gani ni mtu wa kufanya naye kazi.

Tukaanza. Kila mkulima alisajiliwa na simu yake, akazunguka mipaka ya shamba lake huku simu ikichora ramani, na kila gunia likabandikwa kibandiko chenye vimraba vyeusi. Mtu wa ng'ambo akinunua pakiti ya ufuta, akaelekeza simu yake kwenye kibandiko, anaona hadi shamba. Mfumo nao ulilinganisha: shamba la ukubwa huu, lisilo msituni, la mkulima huyu, haliwezi kutoa zaidi ya kiasi hiki. Kikizidi, taa nyekundu. Hiyo ilikuwa dawa ya walanguzi waliokuwa wakichanganya ufuta wa msituni na wa mkulima halali. Ilifanya kazi, na ninyi mnaoikuta sasa msiidharau. Mimi nilizikamata hila nyingi kwa bambo, lakini bambo halikuwahi kuniambia gunia limetoka kilima kipi.

Sasa tumefika.

Kijiji chenye shamba lile kipo kwenye njia ya kutoka Kilangali kuelekea Mikumi. Msimu wa kwanza wa blokcheni gari letu lilikwisha kujaa karibu lote pale ghalani. Nilikuwa nimechoma magunia ya familia ya Mzee Salum kwa mkono wangu, ufuta safi, mkavu, unanukia. Nasri akapitisha simu kwenye vibandiko. Nyekundu. Akapitisha tena. Nyekundu. Watu watano, magunia yote, nyekundu.

Mwanaidi, binti mkubwa wa Mzee Salum, mjane wa makamo, alikuwa amekaa nje kwenye kivuli cha gari akisubiri. Akaja.

"Shikamoo, Mama Bambo."

"Marahaba, Mwanaidi."

"Eti wa kwetu umekataliwa? Una mchanga?"

"Hauna hata chembe. Nimechoma mwenyewe."

"Sasa?"

"Simu inasema watu watano mmeuza shamba moja."

Alinitazama kama anayengoja nimalizie. "Si ndilo la kwetu?"

Tulipochunguza ilikuwa hivi. Vijana wa usajili walipopita waliuliza kila mtu: shamba lenu liko wapi? Mwanaidi akalizunguka shamba la baba yao lote. Mdogo wake Rajabu akalizunguka lote. Wadogo wengine wawili na mtoto wa ndugu yao marehemu, wote watano, kila mmoja kwa siku yake, walilizunguka lile lile, mpaka ule ule. Hakuna aliyedanganya. Kwao kila mtu analima sehemu yake, ila hakuna anayeitaja kuwa yake, kwa kuwa shamba la mzee haligawanywi mzee yu hai. Kukizunguka kipande na kusema hiki changu ingekuwa kumchimbia baba kaburi mchana kweupe. Kwa hiyo mfumo uliona shamba moja lililouzwa mara tano, na huo ndio wizi wenyewe ambao mfumo ulitengenezwa kuuzuia.

Gari lilikuwa linaondoka mwisho wa wiki. Nasri hakunificha. Mashamba yakigawanywa kwenye ramani kabla ya hapo, mstari mpya unaongezwa chini ya ule wa makosa na taa inageuka kijani. Yasipogawanywa, ufuta wa familia nzima unatoka kwenye ununuzi, unaangukia kwa walanguzi kwa bei yao, na majina yote matano yanabaki na doa la wizi kwenye daftari lisilofutika. Msimu ujao hawapokelewi, na mwingine vilevile.

Tukapanda pikipiki mbili: mimi na Nasri kila mmoja nyuma ya dereva, na Mwanaidi nyuma yangu, tumebanana na bambo langu lililokuwa likinichoma paja. Msiniulize kwa nini nilikwenda na bambo. Mtu huenda kwenye jambo gumu na kitu anachokijua.

Tulimkuta Mzee Salum katikati ya shamba, juu ya dungu, kichanja cha miti anachokaa mlinzi wa mazao. Ufuta ulishavunwa lakini mbaazi zilizochanganywa nao zilikuwa bado. Alikuwa fundi wa reli zamani, wa gengi la Kidete, kule ambako mto Mkondoa ukifurika huila reli na wao kuirudisha. Alipoacha kazi alikuja hapa na kulifyeka shamba hili kwa mikono yake. Kwenye dungu alitundika kipande cha reli, na usiku ama mchana akisikia matawi yanavunjika alikigonga kwa nyundo. Tembo wa hifadhini hawali ufuta, ila hawana desturi ya kuuzunguka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Bambo?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia unatoboa magunia ya watu. Panda taratibu, usije ukanitoboa na mimi. Na huyu?"

"Shikamoo, babu," Nasri akasema. "Mimi ni wa kompyuta."

"Marahaba, mjukuu. Basi kaa chini. Dungu halibebi watatu."

Nikapanda, nikamweleza yote, bila kupamba uso. Alinisikiliza huku akitazama mbaazi zake.

"Hawakukosea," alisema. "Wameulizwa shamba lao, wameonyesha shamba lao. Ulitaka waonyeshe la nani?"

"Simu inataka kila mmoja aonyeshe pake, mzee."

"Pake hapana. Mimi kila mwaka nasema: wewe lima huku, wewe lima kule. Mwaka unaofuata nawageuza, mtu asizoee. Baba akishagawa shamba, mwanangu, watu huanza kuulizia bei ya sanda."

Nasri akasema kutoka chini kwamba ipo njia nyingine. Shamba lote lisajiliwe kwa jina la babu peke yake, na ufuta wote uuzwe kwa jina hilo.

"Haya," Mzee Salum akasema. "Kijana ana akili. Iwe hivyo."

"Haitakuwa hivyo, Baba."

Alikuwa Mwanaidi. Alisimama chini ya dungu ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Nimelima hapa tangu niko mgongoni kwa mama. Ufuta wangu umeuzwa kwa jina lako. Nikaolewa, ukauzwa kwa jina la mume wangu. Alipofariki ukarudi kwenye jina lako. Msimu huu gunia limeandikwa Mwanaidi. Nimelipiga picha, Baba. Sirudi nyuma."

"Kwa hiyo mimi nife kwanza?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Simu ndiyo imesema."

Akachukua nyundo yake, akaanza kuukagua mpini, nasi tukaelewa kwamba tumeagwa. Njiani Mwanaidi alilia kidogo mgongoni mwangu, na mimi nikajifanya ni upepo. Wengi mmewahi kuniuliza kesi ngumu ilikuwa ipi, mkitegemea habari za mchanga na walanguzi. Mlanguzi ni kesi nyepesi, maana mmoja ana haki na mwingine hana. Pale kila mmoja alikuwa na haki yake, na mimi sikuwa na chombo cha kuipima.

Siku zikapita. Rajabu alianza kusema wazi kwamba atauza kwa mlanguzi na yaishe. Kesho yake gari lilikuwa linaondoka, na tayari nilikuwa nimeamuru magunia yao yashushwe, pale mjumbe alipofika ghalani na pikipiki. Mzee anasema mje na simu.

Tulimkuta amesimama mwanzoni mwa shamba amevaa kofia yake ya gengi, na watoto wake wamejipanga pembeni kama wanafunzi waliochelewa. Hakutusalimu kwanza, tukamwamkia sisi.

"Mipaka nitaizunguka mimi," alisema. "Asiishike mwingine hiyo simu. Kama ni kugawa, ninagawa mimi, kwa miguu yangu, mkiniona."

Nasri akamwonyesha pa kubonyeza. Akaishika simu kwa mikono miwili mbele ya kifua, akaanza kutembea. Alitembea kwa hatua za mtu wa reli, zinazolingana, bila kuangalia chini. Kwenye kona alisimama na kusema neno. Hapa Rajabu alizaliwa, mama yenu alikataa kuacha palizi. Sehemu ile ikawa ya Rajabu. Hapa alikaa marehemu ndugu yenu alipokuwa akiumwa, akiota jua. Ikawa ya mtoto wa marehemu. Wawili wale wengine wakapata upande wa barabarani. Mwanaidi alimpa ile ya bondeni, yenye udongo mweusi, na alipofika kwenye kona yake ya mwisho akasema tu, "Hii ni ya aliyebishana nami." Mwanaidi alipiga goti.

Nasri akaipokea simu, akabonyeza. Sehemu tano za kijani, zimeshikana, shamba lote limejaa. Akamwonyesha mzee. Mzee Salum akaitazama ile picha muda mrefu. Alifuata kila sehemu kwa kidole, ya kwanza hadi ya tano, kisha akarudia.

"Na mimi niko wapi?"

Nasri akaangalia simu. Rajabu, aliyekuwa na maneno wiki nzima, akaangalia miguu yake. Nami niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu ule mchanga wa Magole, na hii haikuwa ya kuchekwa. Tulikuwa tumekuja kutafuta mahali pa watu watano. Tulimpata kila mtu isipokuwa mwenyewe.

"Baba, chukua langu," Mwanaidi akasema.

"Nikuandike asubuhi nikufute mchana? Si wanasema halifutiki?" Akageuka, akatazama katikati ya shamba. "Pale."

Alikuwa anaonyesha dungu. Lilisimama mahali ambapo sehemu zote tano zilikutana.

Kwa hiyo tukazunguka tena, safari hii watoto wenyewe. Kila mmoja alikwenda kwenye kona yake ya ndani akarudi nyuma hatua chache, simu ikachora mpaka mpya unaoiacha kona ile wazi. Mkitazama ramani leo mtaona mashamba matano ambayo kila moja limemegwa pembe, na katikati kipande cha ukubwa wa chumba. Watu wa ofisi kuu waliwahi kuniandikia kwamba ni hitilafu ya vipimo.

Mfumo ulikikataa. Ulisema shamba ni dogo kuliko kiwango. Nasri akakaa chini kwenye makapi ya ufuta, akampigia mkubwa wake Dar es Salaam. Nilisikia upande wake tu. Alieleza viwango, akaeleza mipaka, akaeleza gari linaloondoka. Mwisho akavua kofia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia, akasema, "Bosi, si hitilafu. Ni baba yao."

Kikapita.

"Inauliza zao, babu," Nasri alisema.

"Andika kelele."

Watu wakacheka, na yeye akacheka mwisho, akionyesha meno yake machache. Nasri akaandika: lindo. Mavuno: sifuri. Taa zote zikageuka kijani, na nikapiga simu ghalani kuamuru magunia yarudishwe garini. Wapagazi walinitukana kwa heshima zote.

Mzee Salum aliuliza jambo moja tu tulipokuwa tunapanda pikipiki. Je, mtu wa ng'ambo akielekeza simu yake kwenye ufuta wa Mwanaidi, atamwona na yeye? Nasri akamwambia ataona mashamba matano, na lake katikati.

"Basi mwambieni namsalimu."

Alifariki misimu michache baadaye, wakati wa masika, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilikwenda msibani na nilikaa na wanawake jikoni, nikamenya vitunguu, maana huko nako kuna kazi. Baada ya arobaini familia ikakaa. Sasa desturi iliruhusu kugawa kila kitu, hata dungu, na kila mmoja angeweza kurudishiwa kona yake. Mwanaidi aliniambia kwamba hakuna aliyeitaja kona. Walitaja baiskeli, walitaja nyundo, walibishana sana juu ya kofia. Kona hawakuitaja. Nasri akaongeza mstari: mtunzaji, Mwanaidi. Jina la baba yake likabaki juu, kwa kuwa kutofuta ndiko blokcheni inakokujua vizuri kuliko sisi.

Kuanzia hapo mfumo umekuwa ukiuliza. Mashine haipendi sifuri. Sifuri zikifuatana hupendekeza shamba lifungwe, isipokuwa ofisa wa eneo athibitishe kwamba bado linatumika. Nimethibitisha kila msimu, na sikuwahi kuthibitisha bila kwenda kuona, kwa sababu daftari lisilofutika halistahili kuandikwa kwa huruma. Bwana Pius asingenisamehe.

Mara ya mwisho nilikwenda mwaka huu, wiki chache kabla ya kuwakabidhi ofisi. Ufuta ulikuwa umefika kifuani, maua yameanza kudondoka. Mwanaidi alikuwa juu ya dungu. Tulikuwa hatujamaliza kusalimiana alipoinua mkono ninyamaze. Upande wa Mikumi matawi yalivunjika, kisha yakavunjika tena karibu zaidi, na mgongo wa kijivu ukaonekana juu ya vichaka. Mwanaidi akachukua nyundo ya baba yake, akaigonga reli. Akagonga kwa mpigo unaolingana kama hatua za baba yake, bila haraka, mpaka wadogo zake wakaitikia kwa madebe kutoka kila upande wa shamba. Mgongo ule ukasimama. Ukageuka. Tukausikia ukirudi porini, na ufuta wa watu watano ukabaki umesimama.

Mwanaidi akateremka, anahema, jasho linamtoka, akaniamkia upya kwa kuwa tulikatizwa. Simu yangu ilikuwa bado mkononi, imefunguka kwenye lile swali.

Mtaulizwa na ninyi msimu huu. Mavuno: andikeni sifuri. Je, shamba hili bado linatumika? Nendeni mkaone kwanza, kisha jibuni ndiyo.